“Mutoto wa kwetu” si programu: hesabu ya Ramazani Shadary tunaifanya sisi wenyewe

Wandugu, vijana wenzetu wa Nyangwe, Kasongo na Kabambare, na nyinyi mulioko Kindu, Bukavu, Lubumbashi na Kinshasa munaosoma hii kwenye simu,

Tunaandika juu ya kuna maneno yamerudi. Yamerudi sokoni, kwenye vivuko vya Lualaba, nje ya msikiti baada ya sala, nje ya kanisa baada ya misa, na zaidi ndani ya makundi ya WhatsApp ya “wana-Maniema”, ambamo kumsifu mkubwa hakumalizi mega za mtu. Maneno yenyewe ni haya: 2028 si mbali, Maniema ijipange, safari hii tusimwache mutoto wa kwetu. Na huku kusini, mtu akisema “mutoto wa kwetu” bila kutaja jina, kila mmoja anajua jina gani linakuja. Emmanuel Ramazani Shadary. “Coup sur coup”, kama wafuasi wake wanavyopenda kumuita.

Tuseme mapema ili mtu asipoteze muda: hatuna chuki na mzee huyu. Ni mkubwa kwetu kwa umri, na kwetu mkubwa anaamkiwa. Tukikutana naye njiani tutamuamkia. Lakini salamu ni kitu kimoja na kura ni kitu kingine, na tumechoka kuona vile viwili vinachanganywa makusudi kila mara kampanye inapokaribia.

Tumesoma. Wengi wetu tuko na lisansi, tumefanya miaka mitano chuo kikuu, wazazi wameuza mbuzi, mchele na mafuta ya mawese ili tulipe minerval, na leo tuko nyumbani, washomeri, tunauza mayunite ya simu ao tunasukuma kinga zenye mizigo kwenye barabara ya Kindu. Basi kama kazi hakuna, kitu kimoja tulichojifunza tutakitumia bure: kusoma maandishi na kufanya hesabu. Tumefungua Katiba, tumefungua matokeo ya CENI, tumepanga miaka kwa miaka. Hii ndiyo hesabu.

Tuanze na pale ambapo watetezi wake wanapenda kuanzia, yaani wasifu. Ni wasifu mrefu kweli. Makamu wa gavana halafu gavana wa Maniema mwishoni mwa miaka ya 1990, wakati wa Mzee Laurent-Désiré Kabila. Depite wa taifa kwa jina la Kabambare. Mwenyekiti wa kundi la wabunge wa PPRD katika Bunge lililotoka kwenye uchaguzi wa Novemba 28, 2011. Naibu Waziri Mkuu mwenye Mambo ya Ndani na Usalama kuanzia Desemba 2016. Katibu wa kudumu wa PPRD kuanzia Februari 2018. Mgombea wa urais wa FCC, Agosti 8, 2018. Watu wachache sana wa nchi hii wamepita ofisi nyingi hivi, na hakuna mwingine wa kusini mwa Maniema aliyefika karibu hivyo na kiti cha juu.

Hapo ndipo wazee wanatuambia: munaona? Tulikuwa na mtu. Na sisi tunajibu: ndiyo, tulikuwa na mtu. Ndiyo maana swali ni kali kuliko lingekuwa kwa depite wa kawaida anayekaa kiti cha nyuma na kupiga makofi.

Tunajua jibu la kwanza litakalokuja. “Depite hajengi barabara.” Ni kweli kabisa, na tunashukuru mtu akilisema, sababu linatuondolea porojo za kampanye. Ibara ya 100 ya Katiba ya Februari 18, 2006 inasema Bunge linapiga kura ya sheria na linachunga serikali. Ibara ya 138 inataja vyombo vya kuchunga: swali la mdomo ao la maandishi, swali la mambo ya sasa, kuita waziri ajieleze, tume ya uchunguzi, kusikiliza wahusika ndani ya kamati. Depite anaweza kufanya hayo yote bila tinga-tinga hata moja. Tena ibara ya 101 inasema depite anawakilisha taifa lote, si kijiji chake. Kwa hiyo hata kwa Katiba, ile hoja ya “mutoto wa kwetu” haisimami. Lakini tuiache isimame kidogo, tuipime kwa kipimo chake yenyewe.

Ibara ya 175. Kila kijana wa Maniema angepaswa kuijua hii namba kama anavyojua namba yake ya simu. Inasema sehemu ya mapato ya taifa inayokwenda majimboni ni asilimia 40, na inakatwa palepale inapokusanywa, yaani haiendi kwanza Kinshasa ikangoja huruma ya mtu. Hiyo ni Katiba ambayo wananchi waliipigia kura ya ndiyo Desemba 2005. Mpaka leo jimbo linangoja Kinshasa itume inachotaka, siku inayotaka. Barabara ya Kasongo kwenda Kindu, walimu wasiolipwa, kituo cha afya ambacho mama analala chini: vyote vinakutana kwenye hiyo asilimia 40. Sasa fikiri: mtu wa Kabambare anaongoza kundi kubwa kuliko yote ndani ya Bunge, kundi ambalo bila lenyewe bajeti haipiti. Kama kuna mtu angeweza kusema “bajeti hii hatuipigii kura mpaka ibara ya 175 iheshimiwe”, ni yeye. Bajeti zilipita mwaka baada ya mwaka.

Na musituambie kwamba kugusa mambo ya Katiba ni kazi ngumu ya miaka mingi. Januari 2011, walio wengi Bungeni, PPRD mbele, walibadilisha Katiba kwa siku chache tu. Waliondoa duru ya pili ya uchaguzi wa rais. Kabla ya hapo mgombea alihitaji zaidi ya nusu ya kura. Baada ya hapo, anayetangulia anachukua, hata akiwa na theluthi. Kulikuwa na haraka, uchaguzi ulikuwa Novemba. Kwa rais, Katiba iligeuzwa ndani ya mwezi mmoja. Kwa asilimia 40 ya wakulima wa mchele wa Kasongo, haraka haikupatikana.

(Mtego huo ulikuja kumnasa nani baadaye, tutafika.)

Halafu kuna jambo la muda. Wabunge waliochaguliwa 2011 walipewa miaka 5. Walikaa 7, mpaka uchaguzi wa Desemba 2018. Na hao ndio walikaa kidogo! Wabunge wa majimbo waliochaguliwa 2006 walikaa miaka 12. Maseneta waliochaguliwa mwanzoni mwa 2007 walikaa mpaka 2019. Mtoto aliyezaliwa Nyangwe siku walipoapishwa alikuwa anamaliza shule ya msingi, nao bado ni “waheshimiwa” kwa kura za wazee ambao wengine tulikuwa tumeshawazika. Kuhusu uchaguzi wa sekta na chefferi, ule ambao ungetupa sisi nafasi ya kumchagua mtu tunayemuona kila siku, huku kwetu tangu Katiba hii ianze hatujauona hata mara moja.

Kurefusha huko hakukuanguka kutoka mbinguni. Januari 2015 Bunge lilipewa sheria ya uchaguzi ambayo ingefunga kalenda ya kura na hesabu ya watu wote wa nchi. Kila mtu alielewa maana yake: kuhesabu watu katika nchi hii ni miaka, na kwa miaka hiyo rais anabaki. Bunge la taifa, ambamo kundi la Mheshimiwa Shadary lilikuwa nguzo, liliipitisha. Kuanzia Januari 19 vijana wa Kinshasa, Goma na Bukavu waliingia barabarani, na wengi hawakurudi nyumbani. Seneti ikabadilisha, na mwisho kile kipande kikaondolewa. Tunakumbusha hilo kwa wale wanaosema maandamano hayaleti kitu. Yalileta. Yalilipiwa pia, na waliolipa si wale waliopiga kura ndani ya ukumbi wenye hewa baridi.

Tufike sasa Mambo ya Ndani, mahali ambapo hesabu inakuwa nzito.

Usiku wa Desemba 19 kuamkia 20, 2016, manda ya pili na ya mwisho ya Joseph Kabila iliisha. Usiku huohuo serikali mpya ya Samy Badibanga ilitangazwa kwenye televisheni ya taifa, na ndani yake mwana wa kusini mwa Maniema alipewa polisi. Mei 2017 Bruno Tshibala alichukua nafasi ya Badibanga. Mambo ya Ndani haikubadilisha mkono. Makubaliano ya Desemba 31, 2016 yaliyopatikana kwa maaskofu yalisema uchaguzi ufanyike kabla ya mwisho wa 2017. Haukufanyika. Julai 31, 2017 vijana walitoka katika miji mingi kuuliza tu kalenda ya uchaguzi iko wapi. Zaidi ya mia moja walikamatwa, wakiwemo waandishi wa habari. Desemba 31, 2017 na Januari 21, 2018 Wakatoliki waliandamana na rozari na matawi mkononi. Januari 21, Thérèse Kapangala, dada wa miaka 24 aliyekuwa anajiandaa kuingia utawa, aliuawa kwa risasi mbele ya parokia yake huko Kintambo. Waziri wa Mambo ya Ndani siku hiyo alikuwa nani? Munajua.

Mei 29, 2017 Umoja wa Ulaya ulimwekea vikwazo: mali zizuiliwe, asikanyage kwao. Walitaja cheo chake juu ya polisi na idara za usalama, kukamatwa kwa wanaharakati na wapinzani, na nguvu kupita kiasi kule Kongo Central, Kinshasa na Kasai. Yeye alivipinga mbele ya mahakama ya huko Ulaya, na ni haki yake. Sisi hatumhukumu kwa karatasi za Brussels. Brussels yenyewe kwetu ina deni la zamani sana, na watu wa Nyangwe hawana haja ya kufundishwa na Mbelgiji maana ya kupigwa. Tunamhukumu kwa kitu kidogo zaidi: mkuu wa polisi anawajibika kwa polisi. Kama amri zilitoka kwake, ajibu. Kama hazikutoka kwake, ajibu pia, juu ya nini alibaki kwenye kiti.

Lakini subirini. Wapo watakaosema: hayo ni mambo ya Kinshasa, sisi huku hayatuhusu. Sawa. Turudi Kabambare, nyumbani kabisa.

Namoya, karibu na Salamabila, ni teritwari ya Kabambare. Kuna dhahabu. Kampuni ya Banro ilianza uzalishaji wa kibiashara hapo Januari 2016. Wachimbaji wa mikono waliokuwa wanaishi kwa mashimo yale waliondolewa, fidia ikawa ugomvi, na Mai-Mai Malaika wakajiingiza kati, wakisema wanatetea wenyeji. Machi 2017, watumishi watano walitekwa palepale, Mfaransa mmoja, Mtanzania mmoja na Wakongo watatu, wakakaa msituni mpaka mwisho wa Mei. Ni miezi ileile ambayo mtu wa Kabambare ndiye mwenye Mambo ya Ndani na Usalama wa nchi nzima. Hakuna wakati mwingine katika historia yetu ambapo Salamabila ilikuwa na mtu wake juu kiasi hicho. Na usalama wa Salamabila ulibaki vilevile: bunduki za upande huu, bunduki za upande ule, na raia katikati wakikimbia na godoro kichwani. Septemba 2019 Banro ilisimamisha kazi Namoya. Dhahabu iliyokwisha kutoka imekwenda. Sekta ya Bahombo imebaki na mashimo.

Tulitegemea nini? Tuseme ukweli, tulitegemea kidogo tu: kwamba mtu anayejua majina ya milima ile, anayeweza kusema na machifu kwa lugha yao bila mkalimani, angekaa nao chini ya mti, wachimbaji, kampuni na jimbo, mpaka maneno yaishe. Hicho ndicho “mutoto wa kwetu” anaweza kufanya ambacho mgeni hawezi. Kama hakifanyi, basi kuwa wa kwetu kuna faida gani zaidi ya kuimbiwa uwanja wa ndege?

Sasa uchaguzi wenyewe.

Agosti 8, 2018, siku ya mwisho ya kuweka faili CENI, Kabila alimtaja kuwa mgombea. Moïse Katumbi alikuwa ameshazuiwa mpakani Kasumbalesa siku tano nyuma. Jean-Pierre Bemba aliondolewa baadaye. Kiwanja kilisafishwa, televisheni ya taifa ilikuwa wazi, magavana walikuwa wake, mabango yalifika mahali ambapo hata chanjo hazifiki. Uchaguzi ukasukumwa kutoka Desemba 23 mpaka 30. Siku iliyofuata intaneti ikakatwa nchi nzima. Na pamoja na hayo yote, Januari 10, 2019 CENI ilisoma: Félix Tshisekedi 38.57%, Martin Fayulu 34.83%, Ramazani Shadary 23.84%. Wa tatu. Kura 4,357,359.

Maniema ilimweka wa kwanza. Hapo wazee wanapiga kifua, na tunawaelewa, walipiga kwa moyo. Lakini hebu tuangalie hiyo namba kwa macho makavu. Zaidi ya Wakongo watatu kati ya wanne waliopiga kura walimkataa, na hii ni kwa hesabu ya CENI yenyewe, ambayo maaskofu wa CENCO walisema wazi kwamba haikulingana na yale ambayo waangalizi wao waliyaona vituoni.

Hapa ndipo mtego wa 2011 unajifunga. Kama duru ya pili ingekuwepo, mgombea mwenye 38.57% angerudi kwa wananchi. Waliofuta duru ya pili walidhani wanajijengea nyumba ya milele. Akaingia mwingine na funguo zao. Na nchi ikapata rais ambaye, kwa namba rasmi, zaidi ya watu sita kati ya kumi hawakumchagua. Hilo ni deni la Bunge lile, na wote waliokaa humo kwa jina letu wana sehemu yao.

Lakini kuna namba nyingine inayotusumbua zaidi, na hatusikii mtu akiizungumza kwenye hayo makundi. FCC, ambayo mgombea wake hakufika hata robo ya kura za rais, ilipata zaidi ya viti 300 kati ya 500 vya Bunge la taifa. Siku moja, chumba kimoja, mashine moja, mpiga kura yuleyule. Kuna sababu kadhaa: pesa, wagombea wengi, na sheria. Sheria ya Desemba 24, 2017 iliweka kizingiti, yaani orodha isiyofika asilimia 1 ya kura za nchi nzima haipati kiti cha Bunge, hata kama mgombea wake ameshinda kijijini kwake. Kijana huru wa Kasongo anaweza kuwa wa kwanza Kasongo na akabaki nyumbani, juu ya hakupata kura Matadi na Mbandaka. Na nani alikuwa waziri aliyeipeleka na kuitetea sheria hiyo Bungeni? Wa Mambo ya Ndani. Yaani mutoto wa kwetu ndiye aliyeshika mlango, na mlango ukafungwa usoni mwa watoto wa kwetu.

Tunarudia, juu ya hili ndilo linatuuma sisi kama vijana. Mtu anaweza kutotuletea barabara, tukasema pesa hazikuwepo. Lakini kutunga sheria inayofanya mtoto wa mkulima asiweze kugombea bila kupiga magoti kwa chama kikubwa cha Kinshasa, hiyo haikuhitaji pesa.

Tusimbebeshe mtu mmoja mzigo wa jimbo zima. Kulikuwa na Augustin Matata Ponyo, mzaliwa wa Kindu, Waziri Mkuu kuanzia 2012 mpaka mwisho wa 2016, kisha seneta wa Maniema 2019, kisha depite wa Kindu kwa uchaguzi wa Desemba 2023. Mei 20, 2025 Mahakama ya Katiba ilimhukumu miaka 10 ya kazi ngumu katika kesi ya Bukanga Lonzo, shamba kubwa ambalo lilipaswa kulisha nchi. Yeye anasema ni siasa. Kulikuwa na Alexis Thambwe Mwamba, waziri wa Haki, baadaye rais wa Seneti. Wapangeni pamoja muone: mwaka 2017, polisi na haki za nchi hii zote mbili zilikuwa mikononi mwa wana wa Maniema. Kama kuwa na “watu wetu juu” ni dawa, sisi tungekuwa tumepona zamani. Tungekuwa na lami mpaka Nyangwe.

Huku kwetu hadithi hii ina mizizi mirefu. Mwaka 1887 mfalme wa Wabelgiji, ambaye hakukanyaga Kongo hata siku moja, alimfanya Tippu Tip, bwana wa Kasongo, kuwa gavana wake kwenye maporomoko ya Stanley Falls. Miaka sita baadaye majeshi ya mfalme huyohuyo yaliingia Nyangwe na Kasongo kwa bunduki. Hatusemi Shadary ni Tippu Tip, tafadhali, watu wa kukata maneno vipande-vipande wasituanze. Tunasema tu kwamba cheo kinachotoka kwa mkubwa kinarudi kwa mkubwa, na raia wanaobaki chini hawamo kwenye mkataba.

Kuna jambo moja ambalo baadhi ya marafiki hawatalipenda. Aprili 2025 serikali ilisimamisha shughuli za PPRD. Wapo vijana waliofurahi, wakatuma vicheko. Sisi hatukufurahi. Chama kinasimamishwa na jaji, kwa ushahidi, mbele ya watu, na wenye chama wakijitetea. Kalamu ya waziri wa Mambo ya Ndani ikitosha kunyamazisha chama, basi kesho itatosha kutunyamazisha na sisi. Tunaijua kalamu ile, ilituzuia kuandamana wakati alipokuwa anaishika yeye. Tunamtetea Mheshimiwa Shadary katika haki yake ya kusema, kukutana na kugombea. Tunakataa tu kumpigia kura, na tunataka haki yetu ya kueleza kwa nini. Isitoshe, chama chake na FCC yote walikataa kuingia uchaguzi wa 2023. Waliona mchezo umeharibika. Inawezekana. Lakini mpira ule waliushona wao.

Kwa wazazi wetu, maneno machache, kwa heshima. Baba, mama, bibi: tunajua munapopokea chumvi, sabuni na kipande cha kitambaa si kwamba mumenunuliwa. Munasema “hicho ndicho pekee kitatoka kwao, acha nikichukue.” Chukueni. Hakuna dhambi. Chumvi ni kodi yenu imerudi kwa mlango wa nyuma. Lakini ndani ya kile chumba cha kura hakuna anayewaona. Na munapotuambia “mumuache, ule ni mutoto wa kwetu”, kumbukeni kwamba sisi pia ni watoto wenu. Tuko hapa nyumbani kila siku, tunakula bukari na sombe kwenye sahani moja na nyinyi.

Kwa vijana wenzetu. Atakuja mtu, yeye ao mwingine wa aina yake, na jina halina maana sana. Hatuhitaji kumrushia mawe wala kumzomea. Mawe yanampa polisi kazi na yanampa yeye picha. Tunataka ajibu, mbele ya watu, kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa cha kuzungukia swali. Bajeti gani ulikataa juu ya ibara ya 175? Waziri gani ulimuita Bungeni juu ya barabara ya Kasongo, tarehe gani? Juu ya Namoya, ulikaa na nani, mkaandikiana nini? Kizingiti cha asilimia 1, utakiondoa ao utakiacha? Na uchaguzi wa sekta, lini? Mwenye rekodi anajibu kwa dakika kumi. Anayeanza na “mimi nilizaliwa hapa” amekwisha kujibu.

Maswali haya tumeyapiga chapa kwenye ukurasa mmoja, yanatosha kwenye karatasi moja pande mbili. Tunaanza kuyasambaza soko la Nyangwe, kisha Kasongo mjini, kisha Kabambare na Salamabila kadri usalama utakavyoruhusu. Ukiwa na kinga na unaelekea upande huo, chukua nakala ishirini. Ukiwa Kinshasa na unaweza kufika kwenye maktaba ya Bunge, tutafutie kumbukumbu za vikao vya 2012 mpaka 2016, kila mahali ambapo neno Kabambare ao Kasongo lilitamkwa. Tupige picha ya kurasa, tuzisome wote. Na kama ndani yake tutakuta kazi aliyoifanya ambayo sisi hatukuiona, tutaichapisha hapahapa, kwa herufi kubwa zilezile.